Spina ya Dakika Moja

Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na mbili dada mmoja arudi kwenye kiti chake cha kazi ghorofa ya nne, na yule mwanaume aliyemtangulia kwenye meza ya vifaa vya simu alikuwa bado anazungusha. Alichukua spina moja, kile kidude chenye mabawa matatu cha kuchezea vidoleni, akaibana katikati, akaizungusha, akaiweka sikioni na kufumba macho. Iliposimama aliirudisha, akachukua nyingine. Huku nyuma watu wanapigana vikumbo, muuza soksi anapayuka kwenye kipaza sauti, jua la saa saba linawachoma wote utosini, na bwana mkubwa kafumba macho.

"Kaka, unanunua au umelala?"

Mwanaume akafumbua jicho moja. "Naisikiliza."

"Inakwambia nini?"

"Inaniambia imejaa mchanga." Akaiweka chini, akachukua ya tatu.

Mwenye meza, mama mmoja aliyezoeleka kwa jina la Mama Chaja, alicheka hadi mabega yakatikisika. "Mzoee tu, dada. Huyu akija huzipima zote, halafu hununua moja kila baada ya mwezi."

Dada hakuwa na nafasi ya kumzoea mtu. Alikuwa amevaa blauzi ya samawati yenye nembo ya kampuni kifuani, sketi nyeusi na viatu vya chini alivyovichagua kwa sababu vinakimbilika. Alipitisha mkono juu ya bega la yule mwanaume, akanyakua spina iliyong'aa kuliko zote, yenye taa nyekundu na za kijani. "Mama, nipe hii."

"Usichukue hiyo," mwanaume akasema.

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna."

"Basi?"

"Basi utalipia taa, na baada ya wiki mbili betri itakufa ubaki na plastiki. Halafu bawa moja ni zito kuliko mengine. Izungushe uone."

Aliizungusha ili amwaibishe. Ikatetemeka mkononi mwake. Kilichomuudhi si kutetemeka kwake, ni kwamba jamaa alikuwa amesema kweli.

"Unamnunulia mtoto?"

"Ni yangu. Ya kazini."

"Unataka ya kukimbia sana au ya kunyamaza?"

"Kwani kuna tofauti?"

"Kubwa tu. Beringi hii ya katikati ikiwa kavu, inakimbia dakika nne, hata tano, lakini inapiga kelele. Ikiwa na grisi inachoka mapema, lakini huisikii."

"Ya kunyamaza," alisema. "Ikisikika nimefukuzwa kazi. Umenielewa? Ikisikika tu, sina kazi."

Mwanaume alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, akaacha mzaha. Alifukua lile rundo mpaka chini kabisa, akatoa spina nyeusi isiyo na urembo wowote, akaizungusha na kuisogeza kwenye sikio la yule dada. Mkono wake ulikuwa safi isipokuwa kwenye kucha, ambako kulikuwa na mistari ya grisi isiyotoka kwa sabuni. "Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo hiyo. Na tazama hapa, kifuniko chake kinafunguka. Beringi ikichoka unabadilisha beringi peke yake, hununui spina nyingine. Dakika moja inasimama, hilo nakwambia mapema. Lakini kwa bei ya soda mbili, hupati ya maana kuliko hii meza nzima."

"Umejuaje yote hayo?"

"Mimi ni fundi wa feni. Mtaa wa nyuma, mlango wa kijani." Akamtazama jinsi alivyohesabu chenji kwa kuzipiga mezani. "Samahani, una hasira hivi siku zote, au ni mimi?"

"Siku zote. Leo umeniongezea."

Fundi akacheka kwa sauti, watu wakageuka. "Basi karibu mlango wa kijani, Bi Hasira."

Alifika kazini zikiwa zimebaki dakika mbili, anahema, na huku anapanda ngazi alijikuta anatabasamu. Hilo nalo lilimkera.

Hasira yenyewe ilikuwa na sababu zake. Kampuni iliuza friji, pasi na feni, na yeye alikaa na hedifoni kichwani saa nane kwa siku akiwapokea watu ambao friji zao zimeoza nyama. Walimtukana yeye, ukoo wake na shule aliyosoma. Mbele yake kulikuwa na karatasi ya maneno aliyoruhusiwa kujibu, na yote yalianza na "pole sana, mteja wetu". Mtu hawezi kumeza kiasi hicho bila hasira kutokea mahali. Kwake yeye ilitokea kwenye kalamu. Mdomo ukisema pole, kidole gumba kinabonyeza kalamu, tik, tik, tik, mpaka wenzake wakambatiza jina la Kalamu, na mpaka wateja wawili wakalalamika kwamba mhudumu anawagongea kitu sikioni.

Msimamizi wake alimpa barua ya onyo. Alikuwa bado kwenye majaribio, na barua haikuficha kitu: lalamiko moja zaidi kuhusu kelele, hakuna ajira ya kudumu. Na ajira ya kudumu kwake haikuwa jambo la cheo. Kwa miaka minne alikuwa amelala kwenye kochi la sebuleni kwa dada yake, analikunja shuka kabla shemeji hajaamka, anabadilisha nguo chooni. Mshahara wa majaribio haukutosha kupanga. Mshahara wa kudumu ungetosha chumba kimoja chenye mlango, na mlango wenye ufunguo, na ufunguo wa kwake peke yake. Hicho tu ndicho alichokuwa anakitaka duniani.

Spina ilifanya kazi. Iliishi mapajani chini ya meza, inazunguka dakika moja, inasimama, anaizungusha tena. Mteja angefoka mpaka akauke koo, yeye angezungusha na kusema pole. Wiki tatu zikapita bila lalamiko hata moja.

Jumamosi ya kwanza alikwenda mlango wa kijani, akisingizia kwamba kifuniko kimelegea. Hakikuwa kimelegea. Fundi alikibana hivyo hivyo, kwa uso mkavu, akamvutia kigoda.

Penzi lao lilikua kwa kelele. Humo ndani feni hazikuzimwa, za mezani, za kusimama na za darini zilizoning'inizwa kwa minyororo ili zijaribiwe, na katikati ya upepo ule Bi Hasira aligundua kwamba anaweza kusema anachotaka kwa sauti anayotaka. Alisimulia matusi ya wiki nzima huku anapiga meza. Fundi alikuwa anafungua mota na kuchekea ndani ya shati. Na kila siku saa kumi na moja jioni, mguu wake ukigusa tu lami nje ya jengo, simu iliita.

"Leo umetukanwa mara ngapi, roho yangu?"

"Kumi na saba."

"Aliyeongoza?"

"Mama mmoja kasema sauti yangu inamkumbusha mke mwenzie."

"Mpe namba yangu, nimjibu."

"Umjibu nini wewe?"

"Nimwambie kuna mtu kila siku anatoa hela ya vocha ili aisikie sauti hiyo hiyo."

"Muongo mkubwa. Wewe ndiye unayeongea kutwa."

"Sasa nisipoongea utajuaje kwamba nakupenda? Una kazi ya kugomba tu."

Alikuwa na mengi mazuri na moja baya, na hilo baya lilijificha ndani ya mazuri. Fundi hakuweza kuona kitu akakiacha. Kisigino cha kiatu cha Bi Hasira kilipopinda, alikuta kimenyooshwa. Birika la dada yake lililovuja, alilitengeneza siku ya kwanza kutambulishwa, kabla hata hajanywa chai. Kitufe cha simu yake kilichokwama, kilikwamuliwa akiwa amekwenda msalani. Haulizwi mtu. Wote walimsifu, dada mtu akiwa wa kwanza, na Bi Hasira naye alisifu.

Siku moja tu walikwaruzana kidogo. Fundi alimsikiliza akilalamika, akaweka bisibisi chini, akasema, "Kazi gani hii ya kulipwa kwa kutukanwa? Iache. Njoo ukae kaunta kwangu, tutakula hicho hicho tutakachopata."

"Usiniambie tena hivyo."

"Nimekosea nini?"

"Nataka ufunguo wangu, nilioulipia mimi. Kaunta yako ni yako."

"Na changu si chako?"

"Hapana," alisema, na Fundi akarudi kwenye mota yake.

Jumapili iliyofuata ilikuwa imebaki wiki moja majaribio yaishe. Alikwenda mlango wa kijani amevaa gauni la njano la mikono mifupi, akatundika mkoba ukutani, wakala, wakataniana. Alitoka kwenda kununua maji ya baridi duka la pili, akakuta foleni ndefu. Aliporudi alimkuta Fundi anajifuta mikono kwa tambara, anatabasamu peke yake.

"Unacheka nini?"

"Utaona kesho."

Kesho yake, saa tatu na nusu asubuhi, mteja wa tano alikuwa mzee aliyenunua friji isiyogandisha. Alianza kwa sauti ya juu na kuendelea kupanda. Kalamu akasema pole sana, mteja wetu, akapeleka mkono mapajani na kuizungusha spina.

Ikalia. Chwaaaa, sauti nyembamba, kavu, isiyo na haya. Aliishika isimame, akadhani ni vumbi. Mzee akamwita mwizi. Akaizungusha tena bila kufikiri, maana mkono ulishazoea, na safari hii ilivuma zaidi, wala haikuonyesha dalili ya kuchoka.

"Nini hicho?" mzee akauliza. "We binti, nini hicho? Mimi naongea, wewe unakaanga mayai?"

"Hapana, mteja wetu, ni..."

"Unakaanga! Nakusikia unakaanga! Nipe mkubwa wako!"

Msimamizi alikuwa tayari amesimama nyuma ya kiti chake, hedifoni ya kusikilizia shingoni, miwani kwenye paji la uso. Hakupiga kelele. Alinyoosha kiganja, akapewa ile spina, akaizungusha mara moja na kuisikiliza, akaiweka mezani. "Ijumaa nakaa na wakubwa kuhusu majina ya majaribio," alisema. "Lako nilikuwa nimeliweka upande mzuri."

Alimaliza siku. Mtu asiyemjua angesema yuko salama, maana sauti haikubadilika. Saa kumi na moja simu ikaita, hakuipokea, akatembea mtaa wa nyuma kwa hatua ndefu hadi mlango wa kijani na kuusukuma kwa bega.

Fundi aliruka kutoka kwenye kigoda, macho yanang'aa. "Umeiona? Dakika nne na sekunde kumi! Nimeipima mara mbili!"

"Umeifanyaje?"

"Nimeitoa grisi yote, nikaiosha kwa petroli, nikaikausha na..."

"Nani amekutuma?"

Tabasamu lilibaki usoni kwa muda kidogo, halafu likaondoka. "Nilitaka ushangae."

"Nimeshangaa. Mbele ya msimamizi, nimeshangaa sana. Siku ya kwanza nilikwambia nini? Pale mezani kwa Mama Chaja, nilikwambia nini?"

"Ulisema..." Akaanza, na hapo hapo akaona anakoelekea. Mkono wake ukatafuta meza. "Ulisema ikisikika huna kazi."

"Kumbe ulisikia!"

"Nilisikia. Nimesahau."

"Hujasahau. Fundi mzima usahau kwamba beringi kavu inapiga kelele? Wewe ndiye uliyenifundisha! Umetaka niachishwe kazi nije nikae kaunta kwako. Si ulisema? Si ulisema niiache?"

"Mimi?" Sasa na yeye alipandisha. "Mimi nikumwagie unga? Miezi yote hii umeniona mtu wa namna hiyo?"

"Nimekuona mtu asiyeuliza! Kiatu huulizi, simu huulizi, mkoba wangu unafungua tu kana kwamba ni feni iliyoletwa na mteja!"

"Kiatu ulishukuru!"

"Nilikosea!"

"Basi kila nilichokufanyia ni kosa. Sema hivyo."

"Ijumaa nafukuzwa," alisema, na sauti ikamkatika, na kwa kukatika huko akamchukia zaidi. "Nilikuwa nimebakiza wiki moja. Wiki moja tu, nipate mlango wangu." Aliitoa spina mkobani, akaitupa ndani ya kopo la skrubu. "Usinipigie."

Alimfungia namba akiwa bado njiani.

Dada yake alimsikiliza huku anachambua mchele. "Mdogo wangu, wenzako wanaachana kwa sababu ya wanawake. Wewe unaachana kwa sababu ya grisi?"

"Dada, si grisi."

"Haya, si grisi. Hata wakikufukuza, kochi si lipo? Nani atakufukuza hapa?"

Alisema kwa huruma, na ndiyo maana iliuma. Alikwenda kuosha vyombo visivyokuwa vichafu.

Jumanne na Jumatano alifanya kazi akiwa ameikalia mikono yake mwenyewe. Alhamisi asubuhi aliona wenzake wanamtupia jicho, wananong'ona, mmoja anaziba mdomo asicheke. Saa nne simu ikaingia.

"Karibu huduma kwa wateja. Nikusaidie nini?"

"Nina feni ya mezani, imeungua mota ikiwa ndani ya waranti."

Upepo ulivuma nyuma ya ile sauti, feni saba au nane. Vidole vyake vikaganda juu ya kibodi.

"Pole sana, mteja wetu," akasema. "Naomba namba iliyo chini ya feni."

Fundi akaisoma, tarakimu moja moja. "Samahani kwa usumbufu. Hii ni mara ya kumi na mbili napiga tangu jana. Kila mara napokelewa na mwenzako, na kila mara natoa lalamiko la feni nyingine. Zote ni za kweli. Ninazo hapa dukani, za kwenu, mnatengeneza vibaya."

Mwenzake wa kiti cha pili aliegemea meza, mabega yanatikisika. Yeye hakutikisika. Aliandika namba, akasoma swali la mwisho kwenye karatasi, maana kulisoma ni lazima. "Je, kuna jambo jingine ninaloweza kukusaidia?"

"Lipo. Najua simu hizi hurekodiwa, kwa hiyo nasema ili irekodiwe. Jumatatu mteja wenu alisikia kelele. Ile kelele niliisababisha mimi. Nilifungua mkoba wa mhudumu wenu bila yeye kujua, nikatoa kifaa chake, nikakiharibu kwa mikono yangu. Yeye hana kosa lolote. Mimi ndiye mjinga, na nampenda, na kama kuna wa kuadhibiwa..."

Joto lilimpanda kutoka shingoni hadi kwenye mizizi ya nywele. Tena! Mara ya pili! Amerudia kitu kile kile, ameamua peke yake kumtengenezea maisha yake, na safari hii ameyafungua mbele ya ofisi nzima. Alikuwa na maneno, na hayakuwa machache, yalimjaa mdomoni mpaka meno yakauma. Chini ya meza kidole gumba kilibonyeza kucha ya kidole kingine mpaka ikawa nyeupe.

"Asante kwa maoni yako, mteja wetu," alisema, taratibu, neno kwa neno. "Nimeyapokea. Lalamiko la feni yako litashughulikiwa ndani ya siku saba. Nakutakia siku njema."

Akakata, akaomba ruhusa, akaenda chooni na kulipiga teke pipa la takataka mpaka kifuniko kikaviringika chini ya sinki.

Aliitwa kabla ya chakula cha mchana. Msimamizi alikuwa na kompyuta wazi mbele yake, na ile simu imesimamishwa katikati.

"Huyu ni nani wako?"

"Si mtu."

"Si mtu hapigi simu mara kumi na mbili." Alishusha miwani machoni. "Nikwambie ukweli. Kesho nilikuwa nakwenda kuwaambia wakubwa tuachane na wewe. Nilishaandika."

Alikuwa anauona mlango wake unafungwa, na yeye yuko nje.

"Hii simu nimeisikiliza mara tatu," msimamizi akaendelea. "Maneno yake hayanihusu, mapenzi yenu malizaneni nje. Nimekusikiliza wewe. Mtu anakuumbua wenzako wote wanasikia, na una haki ya kumtukana, na sauti yako haijapanda hata kidogo. Hakuna kalamu, hakuna mayai ya kukaanga. Nina watu wa mwaka wa sita hapa, hilo hawaliwezi." Akachukua karatasi mezani, akaikunja mara mbili na kuitia kwenye droo. "Sikupi ajira ya kudumu. Nakuongezea miezi mitatu ya majaribio. Ukikaa kimya hivyo miezi mitatu, barua utaipata kwangu mwenyewe."

"Asante, mama."

"Na mwambie feni zake kumi na mbili tumeziona. Atuhurumie."

Saa kumi na moja alikuwa mlango wa kijani. Fundi alisimama mara alipomwona. Hakuwa amenyoa tangu Jumatatu, na shati lilikuwa lile lile la kijivu. Bi Hasira alifungua mdomo, akaanza, na upepo wa feni zote zile ukayachukua maneno. Akapaza sauti. Fundi akaweka kiganja nyuma ya sikio, akatikisa kichwa kwamba hasikii.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu wajuane. Alizunguka duka zima akizima. Za mezani kwanza, moja baada ya nyingine, halafu za kusimama, halafu akapanda ngazi na kuchomoa zile za darini. Mabawa yalichukua muda kusimama. Jasho lilianza kuwatoka wote wawili. Fundi akarudi, akakaa kwenye kigoda, akaweka mikono mitupu magotini. "Sema."

Alisema. Alisema kuhusu kochi na shuka la kukunjwa alfajiri, mambo ambayo alikuwa hajawahi kumweleza hata siku moja. Alisema kuhusu mkoba wake, kwamba ni sehemu pekee duniani ambayo ni yake na haiguswi na mtu, na Fundi kaingiza mkono. Alisema kuhusu wenzake kumi na mmoja waliocheka. Alimwita mjinga, akamwita mwenye kiherehere, akamwita jina jingine ambalo wateja humwita yeye. Akavuta pumzi.

"Umemaliza?"

"Bado!"

Akaendelea. Fundi hakugusa bisibisi, hakugusa skrubu iliyokuwa karibu na kidole chake ikimwita. Alipomaliza kweli, blauzi ilikuwa imemganda mgongoni, na hasira, ingawa ilikuwepo, ilikuwa imepata pa kukaa.

"Hawajanifukuza," akasema. "Wameniongezea miezi mitatu. Na si kwa sababu ya simu yako. Ni kwa sababu nilinyamaza wakati wewe unabwabwaja."

Fundi alifumba macho, akayafumbua. "Sikutaka ufukuzwe. Nakuapia. Niliona haya tu. Spina ya mchumba wangu inasimama kwa dakika moja, na mimi ni fundi, watu watasema nini? Nilifikiria sifa yangu. Sikufikiria kazi yako."

"Mchumba? Nani mchumba wako?"

Fundi akajikuna shavu lisilonyolewa. "Hilo nalo," akasema polepole, "nilikuwa bado sijauliza."

Hakutaka kucheka. Alikuja kugombana, na alikuwa bado hajatosheka. Lakini kicheko kilimtoka puani, akageuka ukutani kukificha.

"Basi nauliza," Fundi akasema nyuma yake. "Utakubali nikuoe?"

"Kwa sababu yako nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio. Na wewe una hiyo hiyo mitatu."

"Masharti?"

"Usinifungulie kitu bila kuniuliza. Mkoba, kiatu, simu, wala mambo yangu."

"Sawa." Fundi akavuta lile kopo la skrubu, akaichomoa spina nyeusi, akaishika kwenye kiganja bila kuigusa zaidi. "Naomba kuuliza. Niirudishie grisi?"

Alimfanya asubiri kidogo. "Rudishia."

Fundi alifungua kifuniko, akapaka grisi kwa ncha ya kijiti, akafunga, akampa. Aliizungusha mwenyewe, akaiweka sikioni mwake mwenyewe. Hakusikia kitu. Ikazunguka dakika moja, ikasimama, na Fundi akaitazama ikisimama bila kunyoosha mkono, ingawa ilionekana wazi kwamba imemuuma.

Miezi mitatu baadaye, siku ya barua, hakumpigia simu. Aliingia mlango wa kijani amevaa lile gauni la njano, akaweka juu ya meza ya kazi ufunguo mmoja mpya na karatasi mbili.

"Chumba kipo mtaa wa tatu," akasema. "Nimelipia mimi. Tukioana, wewe ndiye utakayehamia."

"Naweza kuuliza kama mlango wake unalia?"

"Unalia. Usiuguse."

Karatasi ya kwanza ilikuwa na muhuri wa kampuni. Fundi aliisoma, akaubusu muhuri. Ya pili ilichanwa kwenye daftari, imeandikwa kwa kalamu: *Kwa Fundi. Majaribio yako yamekwisha. Umethibitishwa kwa kazi ya kudumu. Hata hivyo, yapo malalamiko machache.*

"Machache?" Fundi akauliza.

"Geuza."

Akageuza. Nyuma palikuwa pamejaa kuanzia juu hadi chini, herufi ndogo ndogo, na pembeni kumeongezwa mistari mingine ya wima. Fundi alinyoosha mkono, akaizima feni iliyokuwa karibu, akavuta kigoda na kuanza kusoma mstari wa kwanza.